Mahabusu wa Afande

Juzi nilikuwa Nyali, mlangoni pa duka kubwa, nikamwona mlinzi mzee akimpigia saluti mama aliyebeba kabeji. Visigino pamoja, kidevu juu. Nikacheka peke yangu. Saluti ya namna ile nilipigiwa kila asubuhi nikiwa msichana mdogo kule Junda, na aliyenipigia alikuwa mpangaji wetu.

Sote tulimwita Afande. Alikodi chumba cha uani kwa bibi yangu. Alfajiri mimi nilikuwa nimekaa juu ya mbuzi nikikuna nazi, mama anasukuma mahamri, mbaazi zinatokota, na harufu ya iliki inamtoa Afande chumbani mwake. Alikula, kisha akaomba pilipili zaidi. Mama alikuwa akisema mtu yule ana tumbo la bati.

Mtaa mzima ulijua habari zake. Alikuwa polisi wa mpakani katika nchi ya jirani, na raia walipoanza kupigana wenyewe kwa wenyewe, aliiacha serikali akaenda upande wa waasi. Fundi cherehani wa pale kwetu hakumpenda. Alisema polisi aliyevunja kiapo haaminiki hata kwa kuku. Bibi yeye alijibu kuwa mpangaji wake anafagia ua bila kuambiwa, na hilo linamtosha.

Basi siku moja, baada ya sala ya alasiri, mashine ya maji ya msikiti haikuonekana kisimani. Kaka yangu alikuwa ameonekana pale mchana akioga. Ilitosha. Kelele za mwizi zikaanza, naye kwa hofu akakimbia, na wewe unajua mtaani kwetu anayekimbia huwa amekwisha kuhukumiwa. Aliingia uani kwetu akihema, na nyuma yake umati, mawe mikononi, na kijana mmoja akiviringisha gurudumu kuukuu la gari. Mama aliangusha mwiko. Mimi nilijua lile gurudumu ni la kazi gani: mwizi huvishwa shingoni, akachomwa moto. Sijawahi kuogopa vile tena.

Afande alitoka na kikoi chake kiunoni. Hakukimbia. Alichukua kamba ya ndoo, akamfunga kaka yangu mkono, ncha ya pili akajifunga mwenyewe.

"Huyu nimemkamata mimi," akasema. "Ni mahabusu wangu. Tunakwenda kituoni."

Fundi cherehani akauliza muasi anajua nini kuhusu sheria.

Afande alimtazama kwa utulivu. "Kweli, niliasi. Waliniletea watu waliofungwa kamba, wakaniamuru niwapige risasi. Nikawafungua, nikaingia nao msituni. Mahabusu hauawi, bwana, awe mwizi au asiwe. Mkimtaka huyu, anzeni na mimi."

Hakuna aliyeanza. Afande na kaka walitoka wamefungwa pamoja, umati ukiwafuata hadi kituoni, bibi mbele akiwatukana wote kwa Kimvita safi, buibui likiburura vumbi. Kesho yake ikajulikana kuwa mashine iliharibika, na msaidizi wa imamu aliipeleka kwa fundi wa mashine asimwambie mtu. Kaka akarudi nyumbani. Fundi cherehani alikuja kuomba radhi, na Afande akampisha kwenye mkeka, akamsogezea sahani ya mbaazi. Wakala pamoja. Mimi mtoto nilikasirika kweli, nikaona fundi yule anastahili japo matusi.

Amani ilipopatikana kwao, Afande alirudi. Sikujua walimpokea kama polisi au kama muasi, wala kama walimpokea. Namwombea kila ninapokumbuka, na ninakumbuka mara nyingi. Junda ya leo ina kuta ndefu na mageti ya chuma. Ua wetu umekuwa ghorofa, na mtu akifukuzwa leo hana mlango wa kuingilia. Hilo ndilo linaloniuma kuliko kupotea kwa mapaa ya makuti na kisima.

Jumapili iliyopita kaka yangu alikuja kwa mama. Kipara kinamng'aa sasa, na tangu anakaa hadi anaondoka alilalamikia magoti: yanauma akipanda ngazi, yanauma akiinuka kuswali, uzee umemfika vibaya. Wajukuu wakachoka kumsikiliza. Mama hakuchoka. Alisogeza kiti karibu, akamwambia aeleze tena, goti lipi hasa, na linauma vipi.