Dakika Mbili za Mama Mkongo

Nilikuwa mhudumu wa wagonjwa majumbani, Carrollton, na kila asubuhi nilimwogesha mama mmoja Mkongo aliyepooza upande mmoja. Siku moja tukasikia kwamba kamati ya bajeti ya bunge la jimbo inataka kupunguza saa za huduma hiyo, ambayo serikali huilipia. Mama akasema kwa Kiswahili chake cha Kongo, "Twende. Banione kwa macho yao."

Tulifika Austin, penye bunge hilo, asubuhi, tukaitwa mbele ya kamati alasiri. Mwenyekiti alitangaza kwamba kila mtu ana dakika mbili. Mama alisema kwa Kiswahili, nami nikatafsiri. Mbunge mmoja alikuwa anakula huku akifungua barua zake. Kabla sijafika sentensi ya tatu, kengele ikalia.

"Muda umekwisha," mwenyekiti akasema.

"Nusu ya muda nimeutumia mimi kutafsiri," nikamjibu kwa Kiingereza, kwa hasira. "Mwongezee."

"Anayefuata!"

Mama akanivuta mkono. "Banasema nini?"

"Wanasema tumemaliza."

"Lakini sijabaambia namna nilianguka bafuni!"

Mlinzi akaja kutufungulia mlango. Nilisukuma kiti cha magurudumu cha Mama nikitamani kukirudisha mpaka mezani kwao.

Wiki ile kamati ilipitisha mapunguzo yake. Mama alibakiwa na saa chache zisizomtosha, akahamishiwa makao ya wazee Fort Worth, ambako hakuna aliyejua Kiswahili. Nilimtembelea Jumapili moja nikamkuta hajaongea na mtu siku nne. Hasira ile sijaimeza hadi leo, wala sitaki.