Sauti Moja Tu

Ili nipokelewe kwenye masomo ya uzamili katika chuo cha muziki cha ng'ambo, nilitakiwa kutoa cheti changu cha lisanse, yaani shahada ya kwanza, barua za walimu wawili, kufanya mtihani wa nota, na jambo la mwisho nililoliona dogo kuliko yote: nirekodi wimbo mmoja wa kwetu, niuimbe mwenyewe, bila ala na bila sauti ya mtu mwingine. Akisikika mtu wa pili, maombi yanatupwa.

Kasongo, nilikokuwa nikifundisha kwaya ya parokia, pikipiki hazinyamazi. Basi nikapanda moja nikaenda Wamaza kwa mama, nipate utulivu. Nilichagua wimbo wa kutwanga sombe, yale majani ya mihogo, alionifundisha yeye kabla sijaweza kuinua mchi. Nikaweka simu juu ya kinu kilichopinduliwa, nikaanza. Mstari wa kwanza haujaisha vizuri, mama akaitikia kutoka jikoni.

Nikamwomba anyamaze. Akakubali. Nikaanza tena, akaitikia tena. Mimi si mtu wa subira, na safari hii nilimfokea mama yangu mzazi, Mungu anisamehe.

"Mama, wanataka sauti yangu tu. Ukiitikia, hawatanipokea."

"Nimesikia, mwanangu. Lakini mutu anaimba, unamuacha yeye pekee? Ile ni sawa na kumufukuza."

Hakuwa mkaidi. Kwetu anayeanzisha wimbo huitikiwa hata na asiyempenda, kama vile salamu hujibiwa. Kumnyamazia ni kumwambia hana watu.

Mara iliyofuata mama alijiziba mdomo kwa kitenge. Jirani yetu, akipita na beseni la mihogo kichwani, akasikia wimbo hauna mwitikiaji, akamhurumia mtoto wa watu, akaitikia kwa nguvu zake zote. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Mama hakucheka. Alitoka, akapita nyumba kwa nyumba, akimwambia kila mwanamke: "Mutoto wangu ataimba. Tafazali, musimuitikie." Najua maneno hayo yalimuuma.

Ndipo nikaimba, na majirani wote kimya. Kila nilipofika mahali pa kiitikio nilimwona mama na kitenge chake mdomoni, mabega yakipanda na kushuka kwa mapigo ya wimbo, machozi yakimtoka. Nilimpenda siku ile kuliko siku zote. Sauti yangu ilitetemeka kidogo, nami nikaiacha hivyo hivyo.

Walinipokea. Hapa chuoni naimba peke yangu mbele ya walimu, nao husikiliza kimya kabisa. Ndiyo heshima yao, na nimeizoea nusu nusu. Mama akinipigia simu haulizi habari za mitihani wala tasnifu. Huuliza neno moja tu.

"Kule, ukiimba, wanakuitikia?"

"Wananiitikia, mama," namjibu. "Wote."