Vikombe vya Hosiana

Hosiana wa Runzewe alifundishwa kufinyanga na mama yake, na kwa miaka ishirini aliuza mitungi ya maji kando ya barabara ya malori. Ndoo za plastiki zikamharibia biashara. Akaanza kukaanga vitumbua kila asubuhi, udongo akawa anaushika mchana tu, maana kuuacha kabisa kulimshinda.

Mwaka juzi parokia ilimpeleka Mwanza kwa mafunzo ya ufinyanzi ya mwezi mmoja. Huko akaona kitu ambacho mama yake hakuwahi kukiona: glezi, uji mweupe wa unga wa chupa, majivu na udongo. Chombo kilichokwisha kuchomwa hupakwa uji huo, kikarudishwa motoni, nao hugeuka kioo. Hakinyonyi maji tena. Alirudi nyumbani hasemi habari nyingine. Kaka yake Bujiku, aliyewahi kufanya kazi kwenye makarasha ya kusagia mawe ya dhahabu, alijua kusaga kitu kigumu mpaka kiwe unga. Akamsagia chupa za kijani, akamjengea na tanuri la matofali.

Mteja wa kwanza alikuwa Juliana, mwenye mgahawa wa stendi. Aliagiza vikombe arobaini. Hosiana alipovipeleka, Juliana alimimina chai kwenye kimoja mbele ya wateja. Kabla sukari haijayeyuka, kitambaa cha meza kilikuwa kimelowa.

"Mama Edson," Juliana alimwuliza Hosiana kwa jina la mwanawe, "hiki ni kikombe au chujio?"

Mgahawa mzima uliangua kicheko. Hosiana alivirudisha vyote kwenye kapu, akaondoka bila kuaga.

Nyumbani alivipanga uani, akavitazama kimoja kimoja. Kila kikombe kilikuwa na mabaka ambako glezi haikushika, udongo uko wazi. Bujiku alisema moto ulikuwa mdogo. Hosiana hakuridhika, moto mdogo ungeharibu kikombe kizima. Akakiinua kimoja akisogeze juani, na vidole vyake vikatua juu ya yale mabaka. Vinne upande huu, dole gumba upande wa pili. Sawasawa kabisa.

"Bujiku, njoo uone! Ni mimi!"

"Umefanya nini?"

"Mafuta ya vitumbua! Natoka jikoni, nashika vikombe, halafu nashangaa glezi inakataa!"

Alicheka mpaka akakaa chini.

Akafinyanga arobaini vingine. Vilipotoka kwenye moto wa kwanza, alisimamisha vitumbua wiki nzima, akanawa mikono kwa sabuni hadi ngozi ikapauka, akafuta kila kikombe kwa sponji yenye maji. Kisha alikishika kitako, akakizamisha kwenye ndoo ya glezi, moja, mbili, tatu, akakitoa na kukiinamisha tone la mwisho lidondoke. Kitako hakukipaka, kisije kikagandia tanurini. Bujiku alichochea pumba za mpunga tangu alfajiri hadi jioni, wakangoja siku mbili tanuri lipoe.

Tofali la kwanza la kuziba mlango wa tanuri lilipotolewa, jua liliingia ndani na vikombe vikamemeta vyote kwa pamoja, kijani cha majani mabichi ya mpunga. Hosiana alipiga vigelegele majirani wakaja mbio wakidhani kuna harusi. Bujiku alikigonga kimoja kwa ukucha, kikalia kama kengele.

"Wabeja, dada," alisema kwa Kisukuma. Ndiyo asante, na ndilo neno pekee alilolipata kinywani.

Safari hii Juliana hakuthubutu kutumia kitambaa. Alitandika gazeti, akaweka kikombe juu yake, akamimina chai ya moto. Watu wakasimama kuzunguka meza. Chai ikapoa. Juliana akainua kikombe, akapitisha kiganja juu ya gazeti, akawaonyesha wote: kikavu.

"Mama Edson, nisamehe," alisema kwa sauti, kila mtu asikie.

Dereva mmoja wa lori la Burundi akanyoosha mkono. "Chai nimeshailipia. Sasa niuzie na kikombe."

Ndani ya mwezi mmoja vikombe ishirini na sita viliondoka na madereva, na Juliana akaagiza mia mbili.

Jumapili iliyofuata, akitoka misa ya kwanza na gauni lake la kitenge kipya, Hosiana aliingia pale mgahawani, akaketi meza ya katikati, akaagiza chai kama mteja mwingine yeyote. Mhudumu mgeni, asiyemjua, alimwekea kikombe cha kijani.

"Kishike vizuri, mama. Hivi vinagombaniwa."

"Najua," Hosiana alisema. "Niongezee na chapati mbili."