Lori Nililosema Linafaa

Nianze na harufu, maana hata leo ikinipitia puani nahisi matapishi yanapanda. Ilikuwa harufu ya dizeli iliyolowa kwenye zulia, ya jasho la madereva walionitangulia, na ya kitu kingine nisichowahi kukijua, kilichoozea mahali fulani chini ya kiti na kukataa kutoka hata nilipong'oa kiti chenyewe nikakisugua kwa sabuni ya unga. Niliendesha lori hilo miaka minne, Riyadh kwenda Jeddah na kurudi. Watu husema dereva hatimaye hulizoea gari lake. Thubutu! Mimi lilinitia kinyaa tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho.

Mwenye lori alikuwa kafili wangu, yaani mdhamini aliyenileta kazini, mzee mwenye duka la fanicha pale Sulimaniyah. Sote tuliomfanyia kazi tulimwita baba. Alikuwa na lori moja tu, na dereva wa lori mmoja tu, ambaye ni mimi. Ikama yangu, kile kibali cha kuishi na kufanya kazi, ilisema hivyo: dereva wa lori. Na tangu mwaka wa kwanza aliniambia waziwazi kwamba lori hilo likifa, halas, hanunui jingine, atakodi magari ya watu na mimi nitarudi kwetu. Hakusema kwa ubaya. Alisema tu jinsi mtu anavyokwambia duka litafungwa saa ngapi. Kwetu kulikuwa na mke na watoto wawili wa sekondari, na mimi nikirudi sikuwa na pa kuanzia.

Sasa baba alikuwa na tabia moja. Kila mara lori lilipotoka gereji alitoka dukani na kikombe chake kidogo cha kahawa, akaligonga boneti kwa kiganja, akaniuliza, "Tuendelee kulitengeneza, au tuliuze?" Hakujua chochote kuhusu injini, na wala hakujifanya anajua. Aliniuliza kwa sababu aliniamini. Nami kila mara nilimjibu, "Bado linafaa, baba."

Linafaa! Linafaa nini, jameni? Rejeta ilizibwa mara tatu. Gia ya pili ilikuwa inaruka yenyewe, ikabidi niishike kwa mkono huku usukani nikiubana kwa goti. Mlango wa upande wa abiria ulifungwa kwa waya. Moshi wake ulikuwa mweusi hata magari ya nyuma yalinipigia honi yakiwa bado mbali. Ukiziba hapa, kunavuja pale. Mikono yangu ilikuwa na weusi usiotoka, umeingia hadi kwenye mistari ya viganja, na nilipokuwa nakula nilikuwa naona aibu kuutia mkono kwenye sinia la wali na wenzangu. Tuliishi chumba kimoja pale Shumaisi, Wakenya watano, na wenzangu hawakuniacha nipumue.

"Bibi kizee wako hajambo?" mmoja aliniuliza kila nikiingia. "Leo amekohoa damu au amekohoa oili?"

Nikawa nacheka nao. Ndani nilikuwa nimechoka hoi.

Fundi wangu alikuwa Mpakistani mmoja huko kwenye eneo la magereji, mtu mzima, mcheshi, mwenye tumbo. Akiliona lori linaingia alikuwa akitema mate kando kabla hata ya kunisalimu. "Rafiki," aliniambia, "hili ni la kuzikwa, si la kutengenezwa." Lakini alilitengeneza, maana ndiyo kazi yake, tena kwa spea alizozitoa kwenye malori mengine yaliyokwisha kufa. Nilimwelewa. Mimi pia nilikuwa nafanya kazi yangu, na kazi yangu ilikuwa kumficha baba ukweli.

Mwaka wa mwisho ukafika wakati wa ukaguzi, ambao huko wanauita fahas. Kila mwaka gari hupelekwa likapimwa breki, taa, tairi, moshi. Likifeli haliruhusiwi barabarani. Sisi madereva wa magari mabovu tulikuwa na njia yetu, na kila gereji iliijua. Unakodi tairi nzuri kwa siku moja. Injini inapigwa maji ya kasi mpaka inang'aa, kusudi mvujo usionekane. Taa zinaazimwa. Unapita, unabandikiwa stika, unarudi gereji unavua vya watu na kuvaa vyako. Hakuna aliyeona ni wizi. Hata mimi sikuona.

Mwaka huo breki ndizo zilikuwa tatizo. Lainingi zilikuwa zimeisha kabisa, chuma kinasaga chuma. Ningemwambia baba anunue mpya, angenunua. Lakini mwezi huohuo nilikuwa nimeshamwomba klachi na pampu ya maji, na aliponipa ruhusa ya pampu alinitazama kwa muda, akasema, "Mara hii ya mwisho." Nikaogopa. Nikaona nikirudi tena kuomba, lori litauzwa na mimi nitapanda ndege. Basi nikamnong'oneza fundi. Gerejini kulikuwa na lori jingine lililokuwa likingoja injini yake, na lainingi zake bado nzuri. Fundi akazitoa, akatuvalisha sisi, tukaenda fahas, tukapita. Mchana huohuo tukarudi, akazivua, akaturudishia zile zetu.

Fundi aliniuliza mara moja tu: "Una hakika?"

Nikamwambia, "Yalla, maliza." Nilikuwa nimevuliwa woga na ile stika mpya kwenye kioo.

Juma lililofuata nikapakia makochi saba na kabati la milango sita, mali ya familia moja huko Al-Safa, Jeddah. Njiani kote nilikuwa naendesha kwa injini badala ya breki, gia ndogo, polepole, najitia hamnazo. Jangwa ni tambarare, linakudanganya. Lakini baada ya Taifu barabara inashuka milima, na huko hakuna kudanganyana.

Ilikuwa asubuhi, jua limeshakolea. Nilikanyaga breki kwenye kona ya kwanza, likapunguza. Kona ya pili likapunguza kidogo. Kona ya tatu mguu ukazama hadi chini kama unakanyaga tope, na ile harufu ya kuungua ikajaa keibini, chungu, nzito, ikaingia hadi kooni. Mbele yangu kulikuwa na gari dogo la familia. Kwenye kioo cha nyuma kulikuwa na mtoto wa kike amegeuka, anakula biskuti, ananitazama. Nikapiga honi. Nikavuta breki ya mkono, ikalia tu. Gia ya pili, ile ya kuruka, ikaruka. Nikaona uso wa yule mtoto unakuwa mkubwa, mpaka nikaona makombo kwenye kidevu chake.

Sijui dereva wa lile gari aliona nini kwenye kioo chake, lakini alikanyaga mafuta akaenda kando. Mimi nikageuza usukani upande wa mlima, lori likakwaruza ukuta wa mawe, likapanda rundo la kokoto lililokuwa kando ya barabara, likakaa. Makochi yakaangukiana nyuma. Nikafungua mlango nikashuka, nikatapika pale pale kando ya tairi, nikatapika tena, hadi hakukuwa na cha kutoka. Na wala si woga uliokuwa ukinitapisha. Nilikuwa nimejichukia. Mtu mzima, baba wa watoto wawili, nimeazima breki za siku moja nikamdanganya mkaguzi, halafu nikapeleka chuma kitupu mlimani nyuma ya mtoto wa mtu.

Nilipompigia baba, aliuliza kwanza, "Makochi yamepona?" Kisha akaguna, akaongeza, "Na wewe?"

"Nimepona, baba."

"Mafi mushkila, hakuna shida," akasema. "Rudi, tutatengeneza."

Gari la kuvuta likatushusha. Wenye makochi walipokea makochi sita, la saba lilikuwa limechanika, na madam wa nyumba hiyo alinitazama mikono yangu akamwambia mfanyakazi wake afunge mlango. Sikumlaumu. Breki ziliwekwa mpya hapohapo Jeddah, na hizo angalau zilikuwa mpya kweli. Nikarudi Riyadh, na njia nzima nilikuwa nakata kauli moja tu.

Baba alitoka na kahawa yake, akaligonga boneti, akauliza swali lake lilelile. Safari hii nikamwambia, "Uza, baba. Tena usiuze liende barabarani. Uza chuma chakavu." Nikamweleza yote. Usukani una nafasi ya kiganja kizima kabla haujashika. Fremu imepasuka mahali pawili na kuchomelewa juu juu. Nikamwambia na habari ya breki za kuazima. Nilitarajia anifukuze hapohapo.

Aliimaliza kahawa yake. "Ulikuwa unaogopa kurudi kwenu," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Ungeniambia." Hakunipigia kelele, na hilo liliniuma zaidi. Kisha akasema shemeji yake ana gari dogo la kusambaza vyombo na anatafuta dereva. Atanihamishia huko, ikama na kila kitu. "Lakini kwanza lori litoke hapa. Likitoka, wewe unahama. Kwa chuma hawatoi kitu. Nitatafuta mtu wa kulinunua."

Nikasema sawa. Nilisema sawa haraka mno, na nilijua hivyo wakati huohuo.

Mtu alipatikana baada ya siku kumi, mkandarasi mmoja wa kubeba mchanga na matofali. Alikuja asubuhi na dereva wake, na dereva huyo alikuwa Mkenya mwenzangu, mwembamba, shati limepigwa pasi kama anakwenda kanisani. Mabosi wakakaa kivulini wakinywa kahawa. Sisi tukalizunguka lori. Aliinama akatazama chini ya fremu, akaona mahali palipochomelewa, akainuka taratibu akipangusa magoti.

"Brathe," akaniambia kwa sauti ya chini, "niambie ukweli. Hii gari iko aje?"

Nikamwambia ukweli wote. Mungu ni shahidi yangu, sikumficha hata kimoja. Nikamwonyesha usukani unavyocheza, nikamwonyesha nyufa, nikamweleza habari za mlima na mtoto wa biskuti. Nikamwambia, "Hili litakuua. Mwambie bosi wako aliache."

Alisikiliza hadi mwisho. Macho yake yakahamia kule kivulini, yakarudi kwangu. "Lori lake la kwanza limeungua injini," akasema. "Nimekaa bila kazi miezi miwili. Ameniambia asipopata jingine leo, kesho ananikatia tikiti." Akanisogelea. "Tafadhali, usimwambie."

"Ndugu yangu, fremu imekatika."

"Nimeona. Nitaendesha polepole."

Mkandarasi akaita kutoka kivulini, akauliza kwa Kiarabu lori likoje. Yule jamaa akajibu kwa sauti kubwa, kwa tabasamu, kwamba ni zuri, lina nguvu, breki zake mpya. Kisha mkandarasi akanigeukia mimi, kwa heshima kabisa, maana mimi ndiye niliyeliendesha miaka minne. Akauliza, je, ni kweli anavyosema huyu?

Baba alikuwa ameinamisha kichwa, anatazama ndani ya kikombe chake kilichokwisha kahawa. Alijua ninajua. Yule Mkenya alikuwa amesimama kando yangu.

Nikasema ni kweli.

Wakatia sahihi. Mwenzangu akapanda, akajaribu kiti, akashusha kioo. Kabla hajawasha injini alinyoosha mkono nje ya dirisha akanishika wangu, mweusi hivyohivyo, akauminya na kukataa kuuachia, machozi yanamlengalenga, akaniambia hatanisahau na kwamba Mungu atanilipa.