Chungu Kilichokwisha Kuonja Uji

Kila mwaka mpunga ukishaingia ndani, vijiji vya bonde letu la Mpimbwe hushindana. Kuna mpira wa miguu, netiboli, kuvuta kamba na kukimbia ndani ya gunia, halafu kuna meza ndefu ya kazi za mikono: mikeka, nyungo, vibuyu, vyungu. Watu huvishangilia vijiji vyao mpaka sauti zinakauka. Zamani niliyapenda mashindano hayo kuliko Krismasi. Siku hizi nikisikia gari la matangazo linakuja kutoka upande wa Kasansa, nafunga dirisha.

Sitazunguka. Nina hasira, na hasira yenyewe ni ya chungu.

Mama yangu ni mfinyanzi. Mwaka juzi macho yalikuwa yameanza kumtupa mkono, akawa anapima unene wa udongo kwa ukucha badala ya kuutazama. Akaniambia chungu cha mashindano ya mwaka ule kitakuwa cha mwisho. Amefinyangia nusu ya bonde hili, lakini hajawahi hata siku moja kusimamishwa mbele za watu akaambiwa, wewe mama, unajua kazi. Alilitaka neno hilo. Hakunitamkia hivyo, alisema tu, "Wakikitazama vizuri watajua." Lakini mimi namfahamu aliyenizaa.

Udongo tuliuchimba pamoja kando ya mto. Akatwanga vigae vya chungu kilichovunjika, akauchanganya navyo ili usipasuke motoni. Alikifinyanga siku mbili, akakilainisha kwa gunzi na kokoto aliyorithi kwa mama yake, akakikausha ndani ya nyumba karibu wiki mbili kwa sababu jua lingekipasua. Alikichoma kwa magome na mavi makavu ya ng'ombe, ambayo nilikwenda kuyaomba kwa jirani zetu Wasukuma.

Kwetu kazi haiishii hapo. Chungu kikitoka motoni bado ni udongo tu. Lazima kiinjikwe jikoni, kipikiwe uji wa pumba za mtama, uji uchemke mpaka ufurike na kushuka mbavuni, na udongo uunywe. Usipofanya hivyo kitavuja, na atakayekipokea atakusema mpaka siku ya mazishi yako. Kumpa mtu chungu ambacho hakijaonja uji ni kumdharau. Kwa hiyo cha mama kilikwenda mashindanoni kikiwa na masizi matakoni na michirizi ya uji ubavuni, kama inavyotakiwa. Alikifunga kwenye kitenge chake kipya. Yeye akavaa cha zamani.

Mimi nilikuwa nahodha wa netiboli. Tulishinda mchezo wa kwanza kwa taabu, nikakimbilia mezani na jasho langu, bado nina jezi ya kuazima ya kamati, ili nisimame na mama wakati wa ukaguzi. Jaji alikuwa ametoka Mpanda mjini, mwanamume wa makamo mwenye tai na fomu zake kwenye kibao. Alianza na mtungi wa kijiji cha pili, uliopakwa rangi ya mafuta ya kijani na njano na kuandikwa KARIBU KATAVI. Akaupiga picha kwa simu, mbele na nyuma. Kisha akafika kwetu. Akapitisha kidole chini ya chungu cha mama, akatazama masizi yaliyobaki kwenye kidole.

"Mama, hiki kimeshapikiwa?"

Mama akatabasamu. Lilikuwa swali alilolingojea tangu asubuhi. "Eeh, baba. Kimeshapikiwa. Kimekunywa uji wote, hakijaacha hata tone."

"Basi samahani, mama yangu. Hapa tunashindanisha vitu vipya. Hiki kimetumika."

Akapiga mstari kwenye fomu, akasogea mbele. Mama, ambaye Kiswahili cha mjini humpita haraka, aliiona kalamu ikitembea, akanigeukia na kuniuliza kwa Kipimbwe, "Amekiandika?"

Mpaka leo nikiikumbuka sauti ile nataka kupiga kitu.

"Kiongozi," nilimwita yule jaji, "nyie hamjui vyungu? Kisichopikiwa kinavuja! Mwagia maji huo mtungi wenu wa rangi uone!"

"Dada, mimi nafuata fomu," alisema, hata bila kugeuka.

Filimbi ya mchezo wa pili ikalia, wenzangu wakaniita, nikaenda. Hilo nalo halijanitoka. Niliingia uwanjani kurusha mpira kapuni, nikamwacha mama peke yake na chungu chake. Tulifungwa, na sikujali.

Niliporudi nilimkuta amekaa na mama mmoja wa Kisukuma, ambaye kibuyu chake cha maziwa nacho kilikuwa kimekataliwa kwa sababu kinanuka moshi. Kila mfuga ng'ombe anajua kibuyu hufukizwa moshi ili maziwa yasiharibike. Yule mama alikuwa anacheka peke yake. "Hawa ningewaletea ng'ombe," alisema, "wangesema ametumika kwa sababu ameshazaa." Mama naye akacheka, kwa adabu zaidi kuliko kwa furaha. Kumbe alikuwa ameshaelezwa maana ya ule mstari.

Mchana wapishi wakaishiwa vyombo. Sufuria zote zilikuwa na wali, na kuku wa wageni hawajainjikwa. Mtu wa kamati akaelekeza kidole mezani. "Si kuna kile kilichotumika? Kichukueni."

Wakamchukua kuku wa kienyeji wakampika ndani ya chungu cha mama. Nani asiyejua ladha ya kuku wa chungu? Jaji alikula akalegeza tai, akaomba aongezewe mchuzi, akaufutia kwa tonge la wali mpaka sahani ikang'aa. Nilisimama karibu naye kwa makusudi ili anione. Akanisalimia vizuri tu.

Jioni mtungi wa rangi ukatangazwa mshindi, na zawadi ya mfinyanzi bora ikawa seti ya sufuria. Sikutunga mimi.

Watu walipokuwa wanatawanyika, jaji alimfuata mama. "Mama, kuku yule nimemfurahia. Kwa kuwa hiki chungu kimeshatumika, naomba niende nacho nyumbani." Nilifungua mdomo, mama akanifinya mkono. Akapiga goti, akakitoa kwa mikono miwili pamoja na kitenge kipya alichokuwa amekifungia. Jaji akakiweka kwenye gari, akaondoka.

Njiani mama alikuwa mwepesi kuliko alivyokuja. "Amejua," aliniambia. "Kwenye karatasi aliwaogopa wenzake, lakini amejua. Mtu habebi chungu asichokijua." Akarudia hivyo kwa majirani wiki nzima. Tangu siku hiyo hajafinyanga tena. Alikuwa amepata neno lake, ingawa hakuna aliyelisema.

Ningeiacha hapo, kama si zile jezi. Nahodha ndiye mwenye jukumu la kuzifua na kuzirudisha, na jaji ndiye aliyekuwa mtunza vifaa vya kamati. Mwezi mmoja baadaye nikapanda basi hadi Mpanda na mfuko wangu, nikaelekezwa nyumbani kwake Kawajense. Yeye hakuwepo. Mkewe alinikaribisha vizuri, akanipa soda. Barazani, karibu na mlango, kilikuwepo chungu.

Sikukitambua mara moja. Walikuwa wamekisugua masizi yote na kukipaka vanishi, kinang'aa kama kiatu cha harusi. Ndani walijaza mchanga na kupanda maua. Sahani ya plastiki ilikuwa chini yake, na ndani ya sahani kulikuwa na maji.

"Kilikuwa kichafu hicho!" alisema yule mama kwa ucheshi, baada ya kuona natazama. "Nimekisugua siku tatu. Halafu fundi akakitoboa matundu matatu chini, maji ya maua yawe yanapita."

Uji wa pumba, siku ile jikoni, mama anauchochea huku ameinama kuusikiliza udongo ukinywa, kwa sababu kuona haoni vizuri. Kazi yote ile ilikuwa ya kuzuia tone moja lisipite. Niliiweka soda chini. Yule mwanamke hakuwa amenikosea kitu, kwa hiyo nilimkabidhi jezi, nikamshukuru, nikatoka. Nilikwenda mpaka stendi nikitukana kwa sauti, watu wa bodaboda wakinipisha.

Nilifika nyumbani jua likiwa bado juu. Mama alikuwa amekaa mlangoni anachambua mchele kwa vidole. Alinijua kwa nyayo.

"Umekiona?"

"Nimekiona."

"Wanapikia nini?"

"Maharage," nikasema.

Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Maharage ndiyo mtihani wa chungu, yanakaa motoni mchana kutwa. Aliendelea kuchambua mchele kidogo, kisha vidole vikasimama.

"Na hakivuji?"

"Hakivuji, mama."