Majibu ya Janice

Kwa miaka mingi, mzazi wa Thika aliyetaka mtoto wake apite mtihani alimwombea nafasi katika darasa la Mwalimu Wanja. Wanja alifundisha kwa kasi. Akiuliza swali, alichagua mkono uliotangulia kuinuka, akasonga mbele. Aliyesitasita aliambiwa aketi, akafikirie nyumbani.

Kilichomponza ni mdomo. Siku moja mwalimu mkuu, Bwana Gichuru, alikuwa akiwaonyesha wageni matangi mapya ya shule, Wanja akauliza yatatiwa maji lini. Wageni walicheka. Bwana Gichuru pia alicheka. Muhula uliofuata Wanja akajikuta amepewa kitengo cha wanafunzi wenye mahitaji maalum.

"Si adhabu, Madam," Bwana Gichuru alimhakikishia. "Pale panahitaji mtu wa kiwango chako."

Kitengo kilikuwa nyuma ya jikoni, mahali ambapo mgeni hangefika ila kwa kupotea. Humo Wanja alimkuta Mbaluka, ambaye hakuweza kuketi mpaka sentensi iishe, na Kiama, ambaye hakusema neno lakini alivumisha wimbo mmoja kutwa nzima. Alimkuta pia Janice Syokau, msichana wa upande wa Ngoliba, aliyekuwa katika kiti cha magurudumu. Janice alizaliwa na mtindio wa ubongo, na kila neno lilimgharimu kazi kulitoa kinywani.

Wanja akaanza kwa mwendo wake wa kawaida.

"Janice, nne mara tatu?"

Janice akafungua kinywa. Shingo ikakakamaa, mkono ukapaa.

"Haya, tuendelee. Mto gani unapita hapa mjini kwetu?"

"Kumi... na mbili," akasema Janice.

Darasa likacheka. Wanja akaguna, akatafuta swali rahisi zaidi. "Ng'ombe hutupatia nini?"

"Chania."

Mbaluka alicheka hadi akaenda kujigaragaza mlangoni. Ng'ombe anatoa Mto Chania! Wanja alishika chaki akijiuliza ataokoa nini hapo.

"Leo ni siku gani, Janice?"

"Maziwa."

Chaki ikabaki hewani. Kumi na mbili. Chania. Maziwa. Mtoto hakuwa amekosa hata swali moja. Alikuwa akijibu kila swali wakati mwalimu ameshaliacha.

"Ai, Ngai," Wanja alisema, akaketi juu ya dawati. Akamwangalia Janice, asiulize lingine.

"Jumanne," Janice akasema hatimaye, na ilikuwa Jumanne.

Tangu siku hiyo Wanja alijifunza kungoja, na kwake ilikuwa kazi ngumu kuliko hesabu zote alizowahi kufundisha. Akishauliza, aligeukia dirishani akawatazama wapishi wakichagua maharagwe, asije akajibu mwenyewe. Mbaluka aliruhusiwa kutembea, mradi abebe kadi za maneno na kuzibandika ukutani. Alfabeti ikatiwa ndani ya wimbo wa Kiama, naye Kiama, alipogundua kwamba wimbo wake umeibwa, akaanza kuwasahihisha waliokosea kwa kupiga dawati.

Afisa wa elimu alikuja kukagua. Alikaa nyuma, akajikuna kidevu, akaondoka kabla somo halijaisha.

"Madam, somo lako lina kimya kingi," alimwambia baadaye uwanjani. "Muda unapotea."

"Ulimsikia Janice akisoma?"

"La, wakati huo nilikuwa nimeshatoka."

Hata hivyo habari zilienea. Mama mmoja, Tabby, ambaye aliwahi kulalamika kwamba watoto wa kitengo wasichanganywe na wengine wakati wa michezo, alipitia mlango wa jikoni asubuhi moja.

"Mwalimu, huyu wangu yuko Gredi ya Nne na hajui kusoma. Si unichukulie tu? Lakini tafadhali, usiambie watu."

Wengine wakafuata, kila mmoja akiomba siri ileile. Ndipo Bwana Gichuru akagundua kwamba alikuwa na imani na kitengo tangu mwanzo. Akaalikwa Ruiru, katika hoteli moja, kuhutubia kongamano la elimu jumuishi, akaenda na Wanja na Janice kama mfano.

Alihutubia vizuri mno kuhusu subira. Kisha msimamizi wa shughuli akampelekea Janice kipaza sauti.

"Haya, mrembo! Tuambie jina lako na unachopenda shuleni!"

Janice akafungua kinywa.

"Tumpigie makofi!" msimamizi akasema, akakichukua kipaza sauti.

Wanja aliinuka. "Mrudishie. Hajamaliza."

"Madam, tuna programu."

"Hata hajaanza."

Alikipokonya mwenyewe, akamshikia Janice karibu na mdomo. Simu ziliinuliwa kurekodi, na mama mmoja akatoa leso mapema, ajiandae.

"Naitwa... Janice... Syokau." Wanja akazidi kukishikilia kipaza sauti. "Nataka... kwenda... choo."

Makofi yalitikisa ukumbi. Yule mama akajifuta machozi.

Choo kilikuwa chini, na njia ya kwenda huko ilikuwa ngazi pekee. Mhudumu aitwaye Mwas alishika kiti upande mmoja, Wanja upande wa pili, wakateremka hatua kwa hatua, Wanja akihema na kuchunga magurudumu yasigonge ukuta.

"Teacher," Janice akasema. "Harakisha!"

Wanja alicheka hadi nusura waanguke wote watatu.

Bwana Gichuru alipandishwa cheo muda mfupi baadaye. Sasa yuko katika ofisi za elimu, anasimamia elimu jumuishi, na hajawahi kurudi nyuma ya jikoni. Janice husoma Gredi ya Sita asubuhi pamoja na wengine. Mwalimu wa darasa hilo analalamika kwamba Janice anawachelewesha wenzake, na karibu kila wakati wa chai, Wanja huvuka uwanja akiwa na kikombe mkononi kwenda kubishana naye.