Mzee Hodi na Gari Lililojibu

Jua limesimama utosini, na miguu miwili imechomoza chini ya gari jekundu kama ya mtu aliyezikwa nusu. Mkono unatoka, unapapasa sakafu yenye mafuta, unaokota spana, unarudi ndani. Kisha inasikika sauti ya upole: ko, ko, ko.

"Hodi!"

Ni fundi wa ekzosi huyo, anabisha hodi kwenye bomba la moshi. Karakana nzima humwita Mzee Hodi.

"Ukikaribishwa usiingie, shemeji!" anamchokoza fundi bodi, nyundo mkononi. Watu wanacheka.

Ndani ya bomba kitu kinajibu: ko.

Kicheko kinakatika. Mzee Hodi anajivuta nje taratibu, uso umejaa masizi. "Chuma kikipoa hugonga," anasema, bila kumtazama mtu.

Ni kweli, chuma kikipoa hugonga. Lakini gari hili halijawaka leo. Limeletwa asubuhi likivutwa kwa kamba, betri imekufa, injini baridi kama mtungi.

Tabia ya kubisha aliianza zamani, baada ya kufungua bomba la gari lililolala muda mrefu na kukuta nyigu wamehamia humo. "Walinipokea kwa kuniuma shavu hili hili," anasema. "Tangu siku hiyo sifungui mlango wa mtu bila hodi. Hata mdudu ana kwake."

Safari hii ameangaza kwa tochi. Hakuna nyigu.

Haya, kitendawili: nimefungua mlango, aliyetoka haonekani, mtaa mzima umegeuka. Jibu ndilo atakalolifunga leo. Ni kipande cha bomba chenye tawi, na kwenye tawi kuna kilango cha chuma. Dereva akibonyeza swichi, kilango hufunguka, na moshi hutoka hapo hapo bila kupita kwenye sailensa inayozuia kelele. Gari lililokuwa likinong'ona linanguruma.

Aliyelileta gari ni binti mshona nguo, ameketi juu ya tairi bovu, futi ya kupimia bado iko shingoni. Gari lilikuwa la kaka yake, aliyefariki kwa maradhi.

"Kila jioni akifika kona ya kwetu alikuwa anabonyeza," anasimulia. "Gari likinguruma, mama anainuka kwenda kufungua geti. Majirani wanatukana, mama anacheka."

Baada ya mazishi, mjomba alisema kelele ile ikisikika tena itammaliza mama. Mzee Hodi, ambaye ndiye aliyekuwa amekiweka kilango hicho, akaitwa akikate. Akaunganisha bomba, gari likaegeshwa nyuma ya nyumba, na kipande akakitundika kwenye msumari karakanani.

Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Mama huyu hakukubali.

"Bado anakwenda getini, fundi," binti anasema. "Jioni ananishika mkono: 'Nyamaza, yuko kona.' Anafungua, anasimama nje mpaka umande unamlowesha. Sasa kifua kinambana. Daktari ameonya, baridi ile itatuondolea mama."

"Na wewe unasikia nini?"

Binti anainamisha kichwa. "Mimi sisikii kitu. Mbwa wa jirani ndio wanaobweka."

Ndiyo maana anataka kilango kirudi. Mama alisikie gari lenyewe, alione likiingia, aone anayeshuka ni binti yake. Labda moyo utakubali.

Mzee Hodi anafuta mikono muda mrefu kuliko uchafu ulivyo. "Mwanangu, chuma nikikosea nakata tena. Mama yako je?"

"Tukikaa hivi hivi atatutoka pia, baba."

Basi fundi anakwenda ukutani kukishusha kipande. Anakiri kwamba kila jioni kimekuwa kikivuma pale msumarini, kama mtu anayepuliza mdomo wa chupa.

"Upepo huo," anasema fundi bodi.

"Upepo gani unaojua saa?"

Mzee Hodi anakibeba kipande. Anarudi chini ya gari. Tawi analichomelea baada ya tabo, ile feni inayozungushwa na moshi ili injini ivute hewa zaidi. "Ukitoboa kabla yake, umeinyima pumzi," anaeleza. Mdomo anauelekeza chini na nyuma, mbali na tangi la mafuta. Anapitisha waya wa swichi, anafunga betri mpya. Anabisha tena: hodi. Kimya. Anawasha, kilango kinafunguka, na mabati ya karakana yanatetemeka.

Jioni binti anashika usukani, Mzee Hodi kando yake. Kwenye kona, kidole cha binti kinasita juu ya swichi.

"Bonyeza, mwanangu," fundi anamwambia.

Gari linanguruma. Mbwa, ajabu, hawabweki.

Geti limekwisha kufunguliwa, gari linaingia uani. Mama amesimama na shali yake, anamtazama binti akishuka, kisha fundi. Halii. Anapita kati yao, anaweka kiganja juu ya boneti, anakiacha hapo.

"Lina moto," anasema.

"Ndiyo, mama. Ni mimi nimelileta."

"Nakuona, mwanangu." Anageukia kona, barabara tupu. "Lile linalokuja siku zote ni la baridi. Nilidhani ndivyo magari yalivyo." Analivuta geti mwenyewe, anatia komeo. "Lile la baridi silifungulii tena. Njooni, umande unaanza."

Binti anasema tangu hapo mama yake hulala mapema, na kikohozi kinapungua. Gari sasa humpeleka kliniki, kilango kimefungwa, polepole.

Mzee Hodi anapanga kupanua karakana kwa kuvunja ukuta ule wenye msumari. Msumari wenyewe uko mtupu, lakini bado hajaugusa.

"Nitaung'oa," anasema, spana mkononi, akitazama jua linavyoshuka. "Siku utakapoacha kuvuma."